Mkalimani Mwaminifu



Katika vilima vya Masisi na katika msitu wa Walikale watu wanasema lugha nyingi. Wahunde wana Kihunde, Wanyanga wana Kinyanga, Watembo wana Kitembo, Wakano wana Kikano, Wakumu wana Kikumu, nao Wanyarwanda wana Kinyarwanda. Siku ya soko wote wanakutana, huyu na maharagwe yake, yule na jibini yake, mwingine na mafuta ya mawese, na wanasikilizana kwa Kiswahili. Tena katika masomo ya juu, katika biro za Serikali na mara nyingi mbele ya daktari, kuna Kifaransa.

Ndiyo sababu mtoto wa shule, hata akiwa mdogo, huitwa na wakubwa: "Njoo, mwanangu, uniambie mtu huyu anasema nini." Saa hiyo mtoto amekuwa mkalimani. Mkalimani ni mtu anayepokea maneno katika lugha moja na kuyatoa katika lugha nyingine. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, kumbe ni mzigo. Mkalimani ni kama mtu anayebeba mzigo wa mwenzake. Kitu kikianguka njiani, si yeye anayepata hasara, ni mwenye mzigo.

Leo tutajifunza jinsi ya kubeba mzigo huo bila kuangusha kitu.

1. Moyo wa mama mzee

Tuweke mfano. Mama mmoja mzee ameshuka kutoka kilimani mpaka hospitali, pamoja na mjukuu wake, msichana wa darasa la sita. Daktari ni mgeni. Mnajua kwamba waganga wa nchi nyingine wamefika mara nyingi kwetu. Shirika la Médecins Sans Frontières, kwa mfano, lilianza kusaidia hospitali ya Masisi mwaka 2007. Daktari huyu hajui Kiswahili, na muuguzi anayemsaidia kutafsiri ameitwa kwa mgonjwa mwingine.

Daktari anauliza kwa Kifaransa: "Où a-t-elle mal?" Maana yake: Anaumwa wapi?

Msichana anamgeukia mzee: "Koko, daktari anauliza unaumwa wapi."

Mzee anajibu: "Mjukuu wangu, tangu jana moyo umenichafuka."

Msichana anawaza. Moyo ni *cœur*. Kuchafuka ni kuwa *sale*. Anataka kusema: "Son cœur est sale." Lakini anajizuia. Anajiuliza: Je, daktari akisikia hivi atafahamu nini? Labda atafikiri kwamba koko ni mtu mwenye nia mbaya! Basi anamrudia mzee:

"Koko, unisamehe. Ni moyo huu unaopiga kifuani, ama unasikia kutapika?"

"Nasikia kutapika, mjukuu wangu. Hata uji haukai."

Sasa msichana anasema bila shaka: "Docteur, elle a envie de vomir."

Daktari anaitika kwa kichwa: "Ah! Elle a mal au cœur."

Msichana anashangaa. *Mal au cœur*? Si kusema "anaumwa moyo"? Hapana. Wafaransa wakisema "j'ai mal au cœur", kwa kawaida maana yake ni kwamba wanasikia kutapika. Maneno yanataja moyo, lakini maana inakaa tumboni. Kiswahili nacho kinataja moyo kwa ugonjwa ule ule, ila kwa neno jingine: moyo umechafuka.

Fikirini sasa mambo kinyume. Baba mmoja mzee anashika kifua chake na kusema: "Moyo unaniuma." Mtoto asiyeangalia atamwambia daktari: "Il a mal au cœur." Daktari atafikiri ni kichefuchefu, na kumbe ugonjwa uko katika moyo wenyewe. Mtoto alipaswa kusema: "Il a mal à la poitrine", yaani anaumwa kifuani. Tena, mama aliyefiwa na mtoto akisema "moyo unaniuma", hana ugonjwa wa kifua. Ana huzuni. Huyu tutasema: "Elle a du chagrin."

Mnaona? Neno ni lile lile, moyo, lakini watu watatu wana shida tatu. Mkalimani akitafsiri neno bila kutafuta maana, mgonjwa anaweza kupewa dawa isiyo yake.

2. Mtazame neno pamoja na majirani zake

Mgeni akifika kijijini, tunataka kujua anatembea na nani. Neno pia ni hivyo. Ukitaka kujua maana yake, tazama maneno yanayokaa karibu nalo.

Someni sentensi hii: *Baba alipanda mlimani kupanda maharagwe.* "Kupanda" imetajwa mara mbili. Mara ya kwanza jirani yake ni mlima, basi ni kwenda juu. Mara ya pili jirani yake ni maharagwe, basi ni kutia mbegu katika udongo. Kwa Kifaransa tunahitaji maneno mawili: *Papa est monté sur la colline pour planter des haricots.*

Someni hizi nazo:

*Mama anafua nguo mtoni.* Anaziosha: *laver*.
*Mhunzi anafua chuma.* Anapiga chuma cha moto ili atengeneze jembe: *forger*.
*Mto umejaa.* Ni maji yanayopita: *la rivière*.
*Mgonjwa analalia mto.* Ni kitu laini cha kuwekea kichwa: *l'oreiller*.
*Nasikia wimbo.* Ni kwa masikio: *j'entends*.
*Nasikia baridi.* Ni mwilini: *j'ai froid*. Usiseme kamwe kwamba unaisikia baridi kwa masikio!

Mara nyingi Kiswahili chenyewe kinatusaidia, maana kila jina lina viungo vyake. Tukisema *ndege wameruka*, ni wale wenye mabawa ya manyoya. Tukisema *ndege zimeruka*, ni zile za chuma zenye abiria. *Paa limevuja*: ni paa la nyumba. *Paa amekimbia*: ni mnyama wa porini. Na tukisema *Sikukuu ya Kupaa Bwana*, si nyumba wala mnyama, ni kwenda juu mbinguni. Basi msimeze herufi ndogo zile za mwanzo wa maneno. Ni ndogo, lakini zinashika taa.

Msifikiri kwamba ni Kiswahili tu chenye maneno ya namna hiyo. Kifaransa pia kinayo. *Avocat* ni tunda lile la kijani linalokomaa katika mashamba yetu, lakini tena ni mtu anayesimama mbele ya hakimu na kutetea watu. Mwenzako akisoma "Mon oncle est avocat", asiandike kwamba mjomba wake ni tunda. *Voler* ni kuruka angani, tena ni kuiba. Kunguru anaweza kufanya yote mawili siku moja.

3. Neno la pwani na neno la kwetu

Kiswahili kilitoka pwani ya bahari. Katika miaka ya 1800 kilifuata njia za misafara, kikapita Tabora na Ujiji mpaka Maniema, na toka huko kikaenea. Leo, kwa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ni mojawapo ya lugha nne za taifa za nchi yetu, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kifaransa ni lugha rasmi. Lakini neno linalosafiri mbali hubadilika, kama mtu anayekaa miaka mingi ugenini.

Huku kwetu wengi wakisema "bibi yake" wanataka kusema mke wake. Kule Tanzania "bibi yake" ni mama ya baba yake ama mama ya mama yake. Basi kijana wa Goma akimwandikia rafiki yake wa Dar es Salaam kwamba "nitafika na bibi yangu", rafiki atatayarisha kiti cha kumpumzisha mwanamke mzee, na kumbe atashuka msichana aliyeolewa juzi!

Mfano mwingine. Sisi sote tunamjua mbuzi. Anakula majani na kuharibu bustani za watu. Lakini huko pwani "mbuzi" tena ni kibao kidogo chenye chuma cha meno, ambacho mama anakikalia akikuna nazi. Mtoto wa Masisi akisikia "niletee mbuzi nikune nazi", asikimbilie zizini. Atazame jirani ya neno: *nazi*.

Padri mmoja Mfaransa, Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifahamu jambo hilo vizuri. Alifika Zanzibar mwaka 1879 na kukusanya maneno kwa miaka mingi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutolewa Paris mwaka 1939. Hakutosheka na kuandika maana tu. Maneno mengi aliyatilia alama ya kuonyesha yanasemwa wapi: Unguja, Mombasa, ama penginepo. Alijua kwamba neno lina kwao, kama mtu.

4. Maneno yanayotembea pamoja

Kuna maneno yanayofungana kama kuni katika mzigo mmoja. Ukifungua kamba, mzigo unatawanyika. Maneno ya namna hiyo tunayaita misemo, ama nahau.

Tazameni neno "kupiga". Tukisema *amepiga mbwa*, Mfaransa atasema *frapper*. Lakini:

Kupiga magoti ni *s'agenouiller*.
Kupiga simu ni *téléphoner*.
Kupiga picha ni *prendre une photo*.
Kupiga pasi ni *repasser*.
Kupiga kura ni *voter*.
Kupiga mbio ni *courir*.
Kupiga chafya ni *éternuer*.

Katika maneno haya saba hakuna aliyepigwa hata mmoja! Mtoto atakayetia *frapper* kila mahali atamfanya Mfaransa afikiri kwamba nchi yetu ni nchi ya ngumi.

"Kukata" ni vile vile. Kukata mti ni *couper*. Lakini kukata tamaa ni kukosa matumaini, kukata shauri ni kuamua jambo, na kukata roho ni kufa. Hakuna kisu.

Msemo mwingine unahitaji uangalifu hasa hospitalini. Mtu akisema juu ya mzee, "Huyu amekula chumvi nyingi", anataka kusema ameishi miaka mingi. Mkalimani akimwambia daktari kwa Kifaransa kwamba mzee amekula chumvi nyingi, daktari atashtuka, maana chumvi nyingi huongeza nguvu ya damu katika mishipa. Huenda akamkataza mzee chumvi, naye mzee atarudi nyumbani akila chakula kisicho na ladha, bila sababu. Semeni tu: *Il est très âgé.*

5. Mkono mrefu

Sasa tutoke hospitalini, twende mbele ya hakimu. Mtu mmoja ameibiwa. Anamwonyesha jirani yake kwa kidole na kusema: "Wote wanajua, mtu huyu ana mkono mrefu." Kwa Kiswahili, mwenye mkono mrefu ni mwizi.

Mkalimani anatafsiri neno kwa neno: "Il a le bras long." Maneno yote ni sahihi: *bras* ni mkono, *long* ni mrefu. Lakini Wafaransa nao wana msemo huo huo wenye maana nyingine kabisa. Kwao, mwenye mkono mrefu ni mtu anayejulikana na wakubwa, ambaye neno lake linafika mbali. Basi mlalamikaji amesema "mwizi", na hakimu amesikia "mtu mkubwa". Mwizi ameingia barazani na mashtaka, karibu atoke na heshima!

Angalieni mataifa mengine. Katika nchi ya Ubelgiji kuna lugha tatu rasmi: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Wabelgiji wa upande wa kaskazini, yaani Waflemi, wanasema Kiholanzi, na mapadri wengi waliokuja Kongo zamani walikuwa watu wa huko. Mwizi, wao humwita mwenye vidole virefu. Waingereza husema ana vidole vyepesi. Kwa hiyo Mwingereza akisema "vidole vyepesi", anayemtafsiria Mflemi atasema "vidole virefu", na anayemtafsiria Mswahili atasema "mkono mrefu". Lakini anayemtafsiria Mfaransa aache mikono na vidole, aseme wazi: *C'est un voleur.* Ni mwizi.

6. Mvua inanyesha nini?

Mvua ni mvua mahali pote, lakini kila taifa linaiona kwa macho yake. Ikinyesha kwa nguvu, Waingereza husema inanyesha paka na mbwa. Wafaransa husema inanyesha kamba: *il pleut des cordes*. Waflemi husema inanyesha vijiti vya viko vya tumbako. Basi Mflemi anayetafsiri maneno ya Mwingereza hatafuti paka wala mbwa. Anatafuta mvua, na anaisema kama mama yake alivyoisema nyumbani.

Sisi tunasema "mvua kubwa". Lakini tuna "mvua ya mawe" pia. Hiyo si msemo wa kuongeza maneno, ni jina la barafu ndogo ngumu zinazoanguka na kupasua majani ya maharagwe na migomba. Kwa Kifaransa ni *la grêle*. Ukiandika *une pluie de pierres*, mtu wa mbali atafahamu mawe ya kweli. Na akijua kwamba unakaa karibu na milima ya moto, ya Nyamulagira na Nyiragongo, atashika kichwa! Atakumbuka kwamba mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka ndani ya mji wa Goma, na kwamba mwaka 2021 ulitoka tena. Neno moja lililotafsiriwa vibaya laweza kukimbiza watu.

7. Kazi iliyofanywa Walikale

Je, mambo yote yanaweza kutafsiriwa? Tutazame kazi moja kubwa iliyofanywa kwetu.

Mwaka 1956, kwa Wanyanga wa Walikale, msimulizi mmoja jina lake Candi Rureke aliimba na kusimulia habari ya shujaa Mwindo, mtoto wa mwami Shemwindo wa kijiji cha Tubondo. Baba yake hakutaka mtoto mwanamume. Alijaribu kumwua, lakini Mwindo alishinda. Aliyeandikisha simulizi hiyo ni Mbelgiji, Daniel Biebuyck, mwenyeji wa Deinze katika nchi ya Waflemi. Alifanya kazi ya kutafsiri pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha aliye mtoto wa Wanyanga wenyewe. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, kina maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Toka siku za kusimuliwa mpaka kitabu, miaka 13!

Mwindo ana jina la sifa: Kabutwakenda. Mtoto anayejua Kiswahili anaweza karibu kulifahamu. Ndani yake mna kuzaliwa na mna kwenda, ni kama kusema "kazaliwa, kaenda". Ni mtoto aliyetembea mara alipozaliwa. Kwa Kiingereza neno hilo moja la Kinyanga lilihitaji maneno sita yaliyounganishwa kwa vistari. Watafsiri hawakuona haya kutumia maneno sita. Hawakuhesabu maneno, walipima maana.

Tena Mwindo ana fimbo yake ya nguvu, yenye mkia wa nyati, iitwayo *conga*. Waingereza hawana kitu kama hicho, basi hawana jina lake. Watafsiri walifanya nini? Waliliacha neno *conga* lilivyo, wakaweka kando yake neno la kulieleza. Ni akili njema. Mtu asiye na jina la kitu chako, mpe kitu pamoja na jina lake.

Fanyeni hivyo kwa neno "mwami". Katika Rwanda mpaka mwaka 1961, na Burundi mpaka mwaka 1966, mwami alikuwa mfalme wa nchi nzima. Kwetu Masisi na Walikale mwami ni mkubwa wa kimila wa watu wake. Ukiandika *roi* kwa wote, umewachanganya. Afadhali uandike *mwami* na kueleza ni wa wapi.

8. Pembe za Musa

Msikate tamaa mkiona kazi hii ni ngumu. Hata wataalamu wakubwa wameihangaikia.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 34, tunasoma kwamba Musa alishuka kutoka mlima Sinai, na uso wake ulikuwa na jambo la ajabu. Neno la Kiebrania lililoandikwa pale lina shina moja na neno la pembe, lakini laweza kufahamika pia kuwa kutoa miali ya nuru. Mtakatifu Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini akikaa Bethlehemu, aliandika neno lenye maana ya "wenye pembe". Wataalamu wengine wanasema alijua alichofanya, maana pembe ni alama ya nguvu na utukufu. Lakini watu waliokuja baadaye waliona pembe tu. Mchongaji Michelangelo alimchonga Musa mwenye pembe mbili kichwani, na sanamu hiyo ipo mpaka leo mjini Roma, katika kanisa la San Pietro in Vincoli. Tafsiri nyingi za siku hizi zinasema kwamba uso wa Musa uling'aa.

Yeronimo alifariki mwaka 420. Ni msimamizi wa watafsiri, na siku yake ni tarehe 30 Septemba. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe hiyo kuwa siku ya watafsiri wa dunia yote. Basi tarehe 30 Septemba ni siku yenu ninyi pia, mnaomtafsiria koko hospitalini.

9. Kanuni za mkalimani mwaminifu

Zishikeni kwa moyo.

Kwanza: Sikiliza mpaka mwisho. Mara nyingi maana inakuja nyuma ya sentensi.

Pili: Tazama majirani ya neno na viungo vyake.

Tatu: Ukiwa na shaka, uliza tena. Kuuliza si ujinga. Ni aibu ya dakika moja tu, lakini kosa laweza kukaa katika mwili wa mgonjwa siku nyingi.

Nne: Ukikutana na msemo, tafuta msemo wenye maana ile ile katika lugha ya pili. Ukikosa, sema maana kwa maneno mepesi.

Tano: Neno lisilo na mwenzake, liache lilivyo, ulieleze.

Sita: Usiongeze, usipunguze. Hata kama mzee amesema neno la kukutia haya, hata kama wewe unapenda hakimu asikie jambo jingine, mzigo si wako.

Saba: Ulilolisikia hospitalini lisitoke nje. Ugonjwa wa mtu si habari ya sokoni.

Maneno ya kufahamu

*Mkalimani*: anayetafsiri kwa mdomo.
*Msemo (nahau)*: maneno yaliyofungana yenye maana yao pamoja.
*Mhunzi*: mtu anayefua chuma.
*Kiko*: chombo cha kuvutia tumbako.
*Kichefuchefu*: kusikia kutapika.
*Kimila*: jambo la desturi ya wazee.

Maulizo

1. Kwa nini mkalimani analinganishwa na mtu anayebeba mzigo wa mwenzake?
2. Mama mzee alisema moyo umemchafuka. Alikuwa na ugonjwa gani? Mjukuu wake alifanya nini kabla ya kutafsiri?
3. Taja watu watatu wanaoweza kutaja "moyo" wakiwa na shida tatu mbalimbali.
4. "Ana mkono mrefu" ina maana gani kwa Kiswahili? Na kwa Kifaransa?
5. Kwa nini watafsiri wa habari ya Mwindo waliacha neno *conga* lilivyo?

Mazoezi

A. Andika sentensi mbili kwa kila neno, kila moja na maana yake: *ua, kaa, chungu, pembe, shuka*.

B. Tafsiri kwa Kifaransa, ukitafuta maana na si neno: *Amepiga kelele. – Nasikia njaa. – Babu amekula chumvi nyingi. – Mvua ya mawe imeharibu shamba. – Tumekata shauri kurudi.*

C. Leo jioni, uwaulize wazee wa nyumbani wakuambie misemo mitatu ya lugha yenu, Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda ama nyingine, yenye kutaja moyo, mkono au kichwa. Iandike kama walivyosema. Chini ya kila msemo andika maana yake kwa Kiswahili. Kesho tutaisoma darasani, na wenzako wa lugha nyingine watakuuliza. Ujitayarishe kuwajibu.